Ukuta wa kuzuia udongo wenye nondo: jinsi ya kuujenga hatua kwa hatua

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Nondo zikae upande gani? Unyayo uwe na upana gani? Yale matundu ya mbele ni ya nini hasa? Na kwa nini ukuta uliokuwa umenyooka kama timazi umeinama baada ya misimu miwili tu ya mvua?

La mwisho lina jibu fupi: maji. Ukuta wa kuzuia udongo hauangushwi na udongo mkavu mara nyingi. Unaangushwa na udongo uliolowa na kukosa pa kutolea maji, au na nondo zilizowekwa upande usio wake. Ukiyashika hayo mawili, mengine ni kazi ya kawaida ya zege.

Ukuta unaozungumziwa hapa

Mfano wetu ni ukuta wa zege lenye nondo, unaozuia udongo wa kimo cha mita 1.5 juu ya usawa wa ardhi ya mbele. Udongo wa nyuma ni tambarare, hakuna gari wala jengo linaloukalia karibu, na ardhi ya chini ni imara. Urefu wa ukuta ni mita 10, ili iwe rahisi kuzidisha au kugawanya vipimo.

Usitumie vipimo hivi, nenda kwa mhandisi, iwapo moja ya haya lipo: kimo kinazidi mita 1.5, nyuma kuna mteremko unaopanda, magari yatapita au kuegeshwa juu, msingi wa nyumba uko karibu kuliko kimo cha ukuta, udongo ni mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, au chini kuna kifusi cha zamani. Katika sehemu nyingi kibali cha ujenzi hudaiwa ukuta ukivuka takriban mita 1 hadi 1.2, kwa hiyo uliza kwanza mamlaka ya ujenzi ya eneo lako kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Kwa nini mstari unachorwa chini hivyo? Kwa sababu nguvu haziongezeki sawasawa na kimo. Udongo wa kawaida wa kichanga, ukiwa mkavu, husukuma ukuta wa mita 1 kwa takriban kilo 300 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Kwa mita 2 ni kilo 1,200. Kwa mita 3 ni kilo 2,700. Nguvu ya kuupindua ndiyo inayotisha zaidi: kimo kikiongezeka mara mbili, yenyewe hupanda mara nane. Sasa ongeza maji. Maji yaliyotuama nyuma ya ukuta hadi kimo cha mita 2 yanasukuma peke yake kwa takriban kilo 2,000 kwa kila mita, kuliko udongo wenyewe. Fundi anayekwambia "ule wa mita moja tulijenga hivi na umesimama, huu wa mbili tutafanya hivyo hivyo" hajapiga hesabu hiyo.

Majina ya sehemu za ukuta

Fikiria mtu aliyesimama, ameupa udongo mgongo. Zege la chini lililolala ni *unyayo*. Sehemu ya unyayo inayoingia chini ya udongo ni *kisigino*, na inayotokeza mbele ni *vidole*. Kilichosimama ni *ukuta* wenyewe. Kisigino kirefu ndicho kinachoushikilia ukuta, kwa kuwa udongo uliokaa juu yake unaukandamiza usipinduke. Wanaopunguza kisigino ili wasichimbe sana wanajinyima uzito waliokuwa wapewe bure.

Vipimo vya mfano wetu

- Kina cha kuchimba upande wa mbele: mita 0.65 (mita 0.6 ya msingi na sentimita 5 za zege la kusawazisha)
- Upana wa unyayo: mita 1.3 (vidole 0.35, unene wa ukuta 0.2, kisigino 0.75)
- Unene wa unyayo: mm 250
- Unene wa ukuta: mm 200
- Kimo cha ukuta juu ya unyayo: mita 1.85

Kwa makadirio ya haraka, upana wa unyayo huwa kati ya nusu na asilimia 70 ya kimo chote kuanzia chini ya unyayo. Hapa kimo chote ni mita 2.1, na unyayo ni kama asilimia 62 yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa mita 10 za ukuta:

- Zege: unyayo mita za ujazo 3.25, ukuta 3.7. Pamoja na upotevu, andaa mita za ujazo 7.5.
- Saruji: mifuko 60 ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), na mingine 4 kwa zege la kusawazisha
- Mchanga safi: mita za ujazo 3.5 hadi 4
- Kokoto zisizozidi mm 20: mita za ujazo 7
- Nondo za mm 12, zenye urefu wa mita 12: vipande 22, nunua 23
- Nondo za mm 10, zenye urefu wa mita 12: vipande 34, nunua 35
- Waya wa kufungia nondo: kilo 6 hadi 8
- Biskuti za zege za mm 50 na mm 40 za kunyanyulia na kutenganishia nondo
- Plaiwudi ya mm 18, mbao za 2 × 4, mirunda na misumari ya fomu (kasha la kumwagia zege)
- Bomba lenye matundu la mm 110, mita 10 na za ziada za kulifikisha pa kutolea maji
- Bomba la plastiki la mm 75, mita 2, la kukata vipande vya matundu ya ukutani
- Kokoto safi zilizooshwa, mm 20 hadi 40, mita za ujazo 5
- Kitambaa cha jiotekstaili (kinapitisha maji na kuzuia udongo), mita za mraba 30
- Rangi ya lami kwa uso wa nyuma
- Vifaa: sururu, chepe, toroli, ndoo, kamba, timazi, pima maji, bomba jembamba la maji la kupimia usawa, mashine ya kukorogea zege, vaibreta (ya kutikisa zege lijipange), na mashine ndogo ya kushindilia. Mbili za mwisho zikodishwe kama hununui, usijaribu kuziepuka.

Usisahau boksi la kupimia. Mfuko mmoja wa saruji ni takriban lita 35. Boksi la mbao lenye vipimo vya ndani mm 350 × 350 × 285 linachukua lita hizo hizo, hivyo kila mfuko mmoja wa saruji unakwenda na boksi moja na nusu la mchanga na maboksi matatu ya kokoto. Kupima kwa chepe ni kubahatisha: chepe la asubuhi na chepe la saa nane mchana, mtu akiwa amechoka, hayalingani.

Hatua

1. Jua chini na nyuma kuna nini. Uliza mabomba ya maji, majitaka na nyaya zinapita wapi. Chimba shimo la majaribio hadi chini ya kina cha msingi. Udongo wa juu wenye mizizi wote utolewe. Ukifika usawa wa msingi, sukuma kipande cha nondo ya mm 12 kwa mkono: kikizama zaidi ya sentimita 15 bila shida, ardhi hiyo ni laini, na itabidi uchimbe zaidi na kujaza changarawe iliyoshindiliwa au zege dhaifu.

Angalia pia maji ya mvua yanatokea wapi. Kama bati la nyumba au barabara ya juu inamwaga maji kuelekea nyuma ya ukuta wako, yageuze kwanza kwa mfereji. Hakuna ukuta wa kawaida unaopigiwa hesabu ya kubeba maji ya paa zima.

2. Piga kamba na uchimbe. Upana wa shimo uwe mita 1.3 za unyayo pamoja na nusu mita ya nafasi ya kufanyia kazi upande wa nyuma. Ukingo wa udongo usiukate wima. Ulaze nyuma, na udongo uliochimbwa uukalishe angalau mita 1 kutoka ukingoni, kwa sababu uzito wake ndio unaobomoa kingo.

Hapa ndipo watu hufa. Ukingo wa mita 2 unaporomoka bila kutoa sauti, na mita moja ya ujazo ya udongo ina karibu tani mbili. Mtu asiingie kati ya ukingo wima na fomu bila ukingo huo kuegemezwa kwa mbao na mirunda. Kama udongo ni legevu, chimba na ujenge kwa vipande vya mita 3, ukiruka kimoja, badala ya kufungua mita 10 zote kwa mpigo. Msimu wa mvua si wa kazi hii.

3. Mwaga zege la kusawazisha. Sentimita 5, mchanganyiko wa 1:3:6, upana mita 1.5. Kazi yake ni kukupa sakafu safi ya kupangia nondo na kuchorea mistari. Ukiiruka, biskuti zinazama kwenye tope na nondo za chini zinagusana na udongo. Nondo iliyogusa udongo imeshaanza kuoza.

4. Kata na upinde nondo. Nondo za mm 12 ndizo zinazobeba. Zilizosimama ni 51, moja kila mm 200, na kila moja ina urefu wa mita 2.45 ambapo sentimita 45 za mwisho zimekunjwa kama herufi L. Nondo moja ya mita 12 inatoa vipande vinne na kubakiza mita 2.2. Usitupe kipande hicho: ndani yake mna nondo moja ya unyayo ya mita 1.2, na mita moja iliyobaki unaikunja kuwa kiti cha kunyanyulia nondo za juu za unyayo. Nondo za unyayo ni 102, yaani 51 chini na 51 juu. Mabaki yanatoa 13. Zilizosalia 89 zinatoka kwenye nondo nzima tisa. Jumla 22, kama ulivyonunua.

Za mm 10 ndizo zinazolala kwa urefu wa ukuta: 7 chini ya unyayo, 7 juu yake, 10 uso wa nyuma wa ukuta na 10 uso wa mbele. Kila moja ni mita 9.9 bila kiungo, na inabakiza mita 2.1. Mabaki hayo 34 ndiyo nondo za wima za uso wa mbele, moja kila mm 300. Hakuna kinachobaki isipokuwa vijiti.

Kwa kimo hiki usiunge nondo za wima. Ziache zipande mzima mzima kutoka unyayoni hadi juu. Kwenye kuta za kimo kikubwa zaidi ambako kuunga hakuepukiki, zipishane kwa mara 50 ya unene wake: mm 600 kwa nondo ya mm 12.

5. Panga nondo. Anza na wavu wa chini wa unyayo juu ya biskuti za mm 50. Simamisha nondo za wima za mm 12 upande wa udongo, mm 50 ndani ya uso wa nyuma, mkunjo wa L ukielekea vidoleni na kulala juu ya wavu wa chini. Kisha viti, kisha wavu wa juu wa unyayo. Malizia na nondo za kulala na zile nyembamba za mbele, zikiachiwa mm 40 kutoka uso wa mbele.

Rudia kusoma: upande wa udongo. Udongo unapousukuma ukuta, uso wa nyuma ndio unaovutwa na kutaka kufunguka, na zege halina nguvu ya kuvutwa. Nondo zikiwa katikati ya ukuta zimepoteza sehemu kubwa ya kazi. Zikiwa mbele peke yake ni kama hazipo. Kwenye unyayo mambo yanageuka: kisigino kinavutwa kwenye uso wake wa juu, vidole kwenye uso wake wa chini. Ndiyo maana kuna nyavu mbili, na ndiyo maana anayeuacha wavu wa juu "kwa kuwa misingi ya nyumba haina" anachanganya kazi mbili tofauti.

Kabla ya kumwaga, shika nondo ya wima na uitikise. Ikicheza, watu wakikanyaga itahama. Ifunge kwa mirunda ya mlalo juu.

6. Mwaga unyayo. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na hesabu hiyo ni pamoja na maji yaliyo ndani ya mchanga. Mchanga ulionyeshewa jana unaweza kuwa umeshabeba lita kadhaa. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kumwaga na ni bovu kwa kila kitu kingine.

Mwaga unyayo wote kwa siku moja, upige vaibreta, na pamoja nao mwaga mwanzo mfupi wa ukuta, wa kimo cha mm 75 hadi 100, ambao fomu itaushika. Zege likianza kukaza, kwaruza uso wa hapo ukuta utakapoendelea hadi kokoto zionekane, halafu ulioshe. Uso laini hapa unaacha mstari wa kupenyeza maji mahali penye nguvu nyingi kuliko kwingine kote.

7. Simamisha fomu na vipande vya matundu. Zege bichi linasukuma fomu kuliko udongo utakavyousukuma ukuta: ukijaza mita 1.85 kwa haraka, chini kabisa kunakuwa na zaidi ya tani 4 kwa mita ya mraba. Mbao za wima kila mm 400, za mlalo na vifungo kila mm 600, na za chini zikaribiane zaidi. Mirunda ya kuegemeza iishie kwenye vigingi vilivyoingia ardhini, isiishie kwenye udongo mtupu.

Uso wa mbele uulaze nyuma kidogo, mm 20 kwa kila mita ya kimo. Ukuta wote wa aina hii husogea mbele milimita chache unapopokea mzigo. Uliojengwa wima kabisa utaonekana umeinama hata kama ni mzima, na maelezo yako hayatamridhisha mtu.

Kata bomba la mm 75 vipande vinavyojaa kati ya fomu mbili. Viweke kila mita 1.5, mm 100 hadi 150 juu ya usawa wa ardhi ya mbele, vikiinama kidogo kwenda mbele. Vijaze makaratasi ili zege lisiingie. Kwenye uso wa mbele pigilia kipande cha mbao chembamba cha wima katikati ya urefu, kitoe mfereji wa kina cha mm 20: zege litapasuka tu linapokauka, na ni afadhali lipasuke hapo ulipochagua. Kwa kuta ndefu weka mfereji kama huo kila mita 6 hadi 9, na mwanya kamili wa kutanuka kila mita 25 hadi 30.

8. Mwaga ukuta. Tabaka za mm 400 hadi 500 kwa urefu wote, usijaze kona moja na kuisukuma kwa vaibreta hadi upande wa pili. Kimo kipande kama mita 1 kwa saa. Vaibreta izame hadi iguse tabaka la chini, sekunde 5 hadi 15, itolewe polepole, irudishwe kila mm 400. Isishikilie nondo. Mtu mmoja kazi yake iwe kutazama fomu tu. Ikianza kutoa mlio au kuvimba, simamisheni.

9. Fungua fomu na umwagilie. Fomu za pembeni zinaweza kutoka baada ya siku 1 hadi 2. Kumwagilia ni siku 7 mfululizo kwa uchache, ukuta ukiwa umefunikwa magunia au nailoni. Kumwagilia mara moja asubuhi na kuuacha uungue jua mchana kutwa si kumwagilia.

10. Paka lami nyuma. Mikono miwili kwenye uso mkavu, kuanzia juu ya kisigino. Kagua kama vipande vya bomba vimebaki wazi. Vingi huzibwa na lami hapa na hakuna anayejua hadi mvua.

11. Weka njia ya maji. Hii ndiyo hatua inayobeba uhai wa ukuta na ndiyo inayokatwa pesa zikipungua.

Tandaza kitambaa cha jiotekstaili kikiwa na ziada ya kutosha kukunjwa juu. Bomba la mm 110 lilale juu ya kokoto zilizooshwa, matundu yakitazama chini, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, mwisho wake ukitokeza mahali penye hewa pa chini zaidi. Kama ni eneo tambarare, bomba lililolala juu ya kisigino litakuwa chini ya ardhi ya mbele na halitakuwa na pa kutokea; litageuka tangi. Hapo jaza udongo mzito ulioshindiliwa hadi chini kidogo ya matundu ya ukutani, na ulaze bomba juu yake.

Nyuma ya ukuta wote panda na safu ya kokoto ya unene wa mm 300. Kitambaa kikae kati ya kokoto na kifusi, yaani udongo wa kujazia nyuma. Bila kitambaa, udongo laini unaingia kwenye kokoto, na baada ya misimu michache una ukuta wa tope nyuma ya ukuta wa zege.

12. Jaza kifusi. Usiguse kabla ya siku 14 tangu kumwaga ukuta. Siku 28 ni salama zaidi, na kama hakuna kinachokimbiza, zingoje. Kifusi bora ni changarawe au kichanga. Mfinyanzi, udongo wenye mizizi na takataka za ujenzi havifai.

Tabaka za mm 200 kabla ya kushindilia. Unyevu unaujua kwa kiganja: finyanga donge, likishikana na kuvunjika vipande vichache ukiliangusha kutoka usawa wa kiuno, uko sawa. Likisambaa kama unga ongeza maji, likibonyea kama unga wa chapati subiri likauke. Ndani ya mita 1 kutoka ukutani tumia mashine ndogo ya mkono tu. Mtambo mzito ukikaribia unauongezea ukuta mzigo ambao hautauona tena maisha yake yote, na kuta kadhaa huinama siku hiyo hiyo ya kujaza. Udongo wa juu ya vidole, upande wa mbele, ujazwe na kushindiliwa kwanza, kwa kuwa nao unazuia ukuta kuteleza.

Sentimita 30 za juu ziwe udongo mzito usiopitisha maji, ukiinamia mbali na ukuta au kwenye mfereji wa zege.

Ukuta wa eneo la biashara

Hatua ni hizo hizo, mizigo ndiyo tofauti. Maegesho ya magari madogo huhesabiwa takriban kilo 500 kwa mita ya mraba; malori kilo 1,000 na kuendelea. Kilo 1,000 ni sawa na kuongeza zaidi ya nusu mita ya udongo juu ya ukuta uliokwisha kukamilika, hata kama lori linakuja Jumanne tu. Mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 2 nyuma ya ukuta huongeza msukumo kwa zaidi ya nusu. Tangi la maji, stoo ya saruji, kontena: mwambie mhandisi mapema, siyo baada ya kuchora.

Reli au kizuizi cha magari juu ya ukuta kisifungwe kama pambo. Gari likikigonga, nguvu yote inashuka hadi kwenye ile nondo ya nyuma, kwa hiyo kihesabiwe tangu mwanzo au kiwe na msingi wake.

Kimo kikipita mita 3 hivi, zege lenye unyayo huanza kuwa ghali, na inafaa kulinganisha na ukuta wa matofali maalumu yanayofungamana yakishikwa na tabaka za jiogridi (nyavu imara za plastiki) ndani ya kifusi. Mtego wake ni nafasi: jiogridi huingia nyuma kwa angalau asilimia 60 hadi 70 ya kimo cha ukuta, na mtu akija baadaye kuchimba mtaro wa bomba hapo nyuma, amekata mishipa ya ukuta.

Dalili na cha kufanya

*Mvua kubwa imenyesha na matundu ni makavu.* Si habari njema kama nyuma kumelowa. Yamezibwa. Pitisha nondo ndani ya kila tundu taratibu. Likitoa maji kwa kasi, angalia bomba la chini pia, limwagie maji kutoka upande wa juu uone kama yanatokea.

*Maji yanatoka na tope.* Kitambaa kimechanika au hakipo. Udongo unahama, na shimo litatokea juu nyuma ya ukuta. Fukua sehemu hiyo na kuirudishia upya. Kuziba tundu ni kubadilisha tatizo dogo kuwa kubwa.

*Ufa mwembamba wa wima.* Kama uko chini ya mm 0.3 na upana ni ule ule juu hadi chini, ni zege kukauka. Ziba usipitishe maji. Ukiwa mpana juu kuliko chini, au upande mmoja umesogea mbele ya mwingine, msingi umetitia hapo.

*Ufa wa mlalo karibu na chini, au ukuta unaendelea kuinama.* Acha kila kitu. Ondoa mizigo ya juu, zuia watu kupita mbele, ita mhandisi. Wakati unamsubiri, shusha timazi kutoka juu ya ukuta, pima umbali wa uzi kutoka usoni kwa sehemu tatu, andika na tarehe, rudia kila siku. Namba zinazoongezeka zinamwambia zaidi kuliko maelezo. Usiegemeze nguzo za mbele na kuchimba nyuma kwa kubahatisha.

*Zege lina mashimo baada ya kufungua fomu.* Madogo yasiyofika kwenye nondo yaoshwe na kuzibwa kwa mota ya saruji. Nondo ikionekana, chonga hadi nyuma yake, sentimita 2 au zaidi, safisha, jaza mota kali. Kupiga plasta juu ni kuficha kutu ianze kazi.

*Udongo wa nyuma umeshuka sentimita kadhaa mwaka wa kwanza.* Kifusi hakikushindiliwa vizuri. Jaza na urudishie mteremko wa juu mapema, maana pale palipoingia ndani ndipo maji ya mvua ijayo yatakapokaa.

*Madoa meupe usoni.* Chumvi zinazoletwa na maji yanayopenya. Ukuta hauna shida kwa sasa, ila lami ya nyuma ina tundu, na yakigeuka rangi ya kutu, nondo imefikiwa.